Ndege ya Plastiki kwenye Meza ya Shemeji

Mwaka 1997 nilikuwa karani wa ghala katika mradi mmoja wa maji mjini Gisenyi, Rwanda, kando ya ziwa. Barabara ya Ruhengeri ilikuwa haipitiki kwa usalama, na wageni waliouendesha mradi wakaambiwa na wakubwa wao waondoke kwa wiki chache mpaka hali itulie. Wengi wao hawakurudi. Fundi wao mkuu, Mwingereza mrefu aliyesumbuliwa na mgongo, aliniita nyumbani kwake niorodheshe vitu atakavyoviacha. Nikaandika makochi, jokofu, majembe mawili, vyandarua. Juu ya kabati la nguo nikakuta boksi lenye picha ya ndege ya kivita ikikata mawingu, ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Boksi lilikuwa halijafunguliwa. Nikamuuliza niliandike vipi.

Alilitazama kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemsahau. Akanieleza kwamba ni ndege ya kuunda kwa gundi, vipande vipande, kwamba utotoni alikuwa haachi kuziunda, na kwamba dada yake alimletea hiyo akidhani huku Afrika atakuwa na jioni nyingi za upweke. Hakuwa nazo. Akaliweka mikononi mwangu, akasema nisiliandike kwenye orodha.

Wakati huo nilikuwa nikiishi kwa kaka yangu. Nikisema kaka yangu nasema kweli, baba mmoja na mama mmoja, lakini tulikuwa tumefahamiana kwa miaka miwili tu. Wazazi wetu walivuka kwenda Kongo mwanzoni mwa miaka ya sitini, mimi nikiwa mgongoni, wakapata mahali pa kuchungia kwenye milima ya Masisi. Nilipofika miaka mitano baba alinichukua akaenda nami Tanzania, kwa dada yake ambaye hakujaliwa mtoto. Ilikuwa iwe safari ya mwaka mmoja. Baba alifia huko mwaka wa pili, barua zikapotea njiani, na mimi nikakulia kwa shangazi, katika kambi ya wakimbizi. Kaka alibaki Masisi na mama. Mama akafariki katika miaka ya themanini bila mimi kumwona tena.

Baada ya vita vya 1994 tulirudi Rwanda kila mmoja kwa njia yake. Mimi nilikuja na lori la wakimbizi kutoka mashariki, yeye alivuka kwa miguu kutoka Goma. Aliyetukutanisha ni mwanamke mmoja muuza mikate, aliyenisimamisha sokoni akaniuliza kwa nini asubuhi ile nilikuwa bandarini natengeneza injini ya boti na sasa nimevaa shati jeupe. Nikamwambia sijafika bandarini. Akasema basi kuna mtu kule ana uso wangu. Nikaenda kumtazama.

Tukaanza kuishi pamoja, yeye, mkewe na mimi, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyo mteremkoni chini ya mlima Rubavu. Tuliheshimiana sana. Aliniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri, nami nilimuuliza kila jioni kama injini zimekubali. Hatukuwa na la zaidi. Utoto mmoja unaowapa ndugu vitu vya kucheka, sisi hatukuwa nao. Hata lugha ilikuwa na adabu nyingi. Kinyarwanda chake kilikuwa cha Masisi na changu cha kambini, na tukianza kazi ya mikono kila mmoja alirudi kwenye Kiswahili alichojifunzia kazi: mimi kile cha shule, yeye kile cha Goma.

Jumapili moja baada ya misa nililifungua boksi kwenye meza ya sebuleni. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na kila fremu ilishikilia vipande vidogo kwa vijiti vyembamba, kila kipande na namba yake. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, karatasi nyingine ya picha za kubandika, na tyubu ya gundi. Kaka alikuwa akinawa mikono uani. Alikuja akijifuta kwenye suruali, akachukua nusu ya bawa, akalipitishia kidole gumba taratibu pale palipochongwa mistari ya mabati na vichwa vya misumari.

"Nani alifanya hii?" akauliza.

Nikamwambia ni kiwanda, huko Uingereza.

"Hapana, mbele ya kiwanda. Iko mutu alichora hii kwa mukono."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Alivuta kiti akakaa, na nikaona kwamba Jumapili hiyo hatakwenda kwa rafiki zake.

Shemeji alitoka jikoni na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, aliokuwa akiwachambua kwa ajili ya soko la kesho yake. Akauliza hiyo ndege itaruka. Nikasema hapana. Akauliza basi kazi yake ni nini. Nikasema ni ya kutazamwa. Alisimama pale na beseni lake kiunoni, akaitazama ile picha ya boksi, zile bunduki kwenye mabawa, akasema yeye ndege za vita amezitazama za kutosha, tena bila kuziunda. Alisema hivyo bila hasira. Siku zile ndege zilikuwa zikishuka kutoka upande wa ziwa kwenda kutua Goma, kubwa na nzito, na zikipita vikombe vilitikisika kabatini. Mwisho alitupa masharti: meza itandikwe magazeti, na saa ya chakula kila kitu kiwe kimeondoka.

Gundi ilikuwa imekaukia kwenye tyubu. Niliikamua mpaka ikapasuka, ndani kulikuwa na kitu kama ukucha. Kwangu mimi mambo yalikuwa yameishia hapo, na nilikuwa nimeanza kurudisha fremu ndani ya boksi. Kaka alinizuia. Alichukua kipande cha fremu kisicho na kazi, akakinusa, akakichoma ncha kwa kiberiti akanusa tena, kisha akatoka akarudi na kichupa cha tina, ile ya kuyeyushia rangi. Akakikata kile kipande vipande vidogo kwa kikata kucha cha mkewe, akavitumbukiza kichupani, akafunga kifuniko.

Jumapili iliyofuata kichupa kilikuwa na uji mzito wa kijivu. Akaupaka kwa ncha ya kijiti kati ya mabaki mawili ya fremu, akayabana kwa kibanio cha nguo, tukanywa chai. Tulipojaribu kuyavunja yalivunjika mahali pengine kabisa, si pale yalipoungwa. Kaka alitingisha kichwa kidogo, kama anavyofanya injini inapowaka kwa mvuto wa kwanza.

Hivyo kazi ikaanza. Mimi nilisoma maelekezo na kuyafasiri, yeye alikata, akapiga msasa, akaunga. Mikono yangu haikufaa. Ilishika vipande kama inavyoshika kalamu, na mara mbili nilidondosha gurudumu tukalitafuta sakafuni kwa magoti. Mikono yake ilikuwa mipana, yenye mafuta meusi yasiyotoka kwenye mikunjo, lakini kipande chembamba kama mbegu ya nyanya kilitulia humo bila kuponyoka. Badala ya mipira midogo ya kubania iliyoonyeshwa kwenye karatasi alikata tyubu ya baiskeli ikawa mikanda.

Tatizo letu lilikuwa mwendo. Maelekezo yalikwenda hatua kwa hatua na mimi niliyafuata hivyo, nikisoma sentensi nzima kabla ya kufasiri. Yeye alitazama mchoro mara moja, akaona kitu kinakwenda wapi, mkono ukawa umeshafika. Nilimwambia asubiri. Alisema sawa, akasubiri, kisha baada ya dakika mbili akawa mbele yangu tena.

Ndiyo maana siku tulipounga kiwiliwili, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, na akakizungushia mikanda ya tyubu kuanzia puani mpaka mkiani, mimi nilikuwa bado kwenye mstari uliosema rubani apakwe rangi na akalishwe kwenye kiti chake kwanza. Rubani alikuwa mezani karibu na kikombe changu. Alikuwa mfupi kuliko kiungo cha kidole, kavaa kofia ya ngozi, mikono imelazwa mapajani. Nilimwinua nikamwonyesha kaka.

Kaka alimtazama rubani, akaitazama ndege. Uji ule ulikuwa umeshashika, na tundu lililobaki juu lilikuwa dogo. Kumwingiza pale kungekuwa kumkata miguu. Tulijaribu hata hivyo kwa koleo ya nyusi, tukashindwa.

"Bon," akasema. "Itaenda pekee yake."

Shemeji, aliyekuwa akipita, alisema hiyo sasa ndiyo ndege ya vita aliyoipenda. Tulicheka sote watatu. Naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza.

Mabawa yalifuata, na mabawa ndiyo niliyotaka kuyaeleza tangu mwanzo. Ndege ile mabawa yake hayalali sawasawa, yanainuka kidogo kuelekea ncha, na kama hayakuinuka kwa kipimo kimoja inakuwa kama mtu mwenye bega bovu. Kwa gundi ya dukani labda yangeshika haraka. Uji wetu ulitaka robo saa nzima. Kaka alikata vipimo viwili vya karatasi ngumu tukaviweka chini ya ncha, lakini hakuviamini, akasema kila mmoja ashike bawa lake na asitikisike. Tulikaa uso kwa uso, mimi nimeshika la kushoto, yeye la kulia, macho yetu yote kwenye maungio. Nje kulikuwa kunanyesha. Shemeji alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Kisha kaka akasema, bila kuinua macho:

"Mudogo yangu, ile asubuhi baba alikuchukua, mi sikukuwa mugonjwa."

Lazima nieleze nilichokuwa nikijua mimi. Shangazi alinisimulia mara nyingi, bila uchungu wowote, kwamba baba alikusudia kumpeleka mtoto mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa na angeweza kuanza shule mara moja. Asubuhi ya safari mtoto mkubwa akaamka na homa kali. Gari la kuwachukua halikuwa la kungoja. Ndipo wakamvalisha mdogo. Nilikuwa nimeishi na hadithi hiyo miaka zaidi ya thelathini na sikuwahi kuona ndani yake jambo la kuuliza. Homa ni homa.

Kaka alinisimulia yake. Alisema kulikuwa na ng'ombe mmoja karibu kuzaa, na baba alishamwahidi kwamba ndama akiwa jike atakuwa wake. Hakutaka ng'ombe azae yeye hayupo. Kwa hiyo alfajiri ile alijikunyata mekoni karibu na moto, amejifunika kitenge cha mama gubigubi, mpaka paji la uso likaungua, kisha akarudi kitandani akaanza kuguna. Baba alikuja akamgusa. Akasimama pale muda mrefu kuliko kaka alivyotarajia, na kaka akaogopa kwamba amegunduliwa. Halafu baba akamwambia mama amvalishe mdogo. Kaka alisikia nikiulizwa kiatu changu kingine kiko wapi. Alisema alifikiri ni mwaka mmoja tu, na kwamba mwaka ujao itakuwa zamu yake.

"Na ndama?" nikauliza.

"Dume."

Aliendelea kwa sauti ileile, kama anayeeleza ubovu wa injini. Alisema mama alikuwa na kawaida, jioni wakikamua, ya kusema kwa nguvu kwamba sijui yule mdogo leo anakunywa nini. Hakuwa akimuuliza mtu. Alisema hivyo miaka na miaka, hata nilipokuwa nimeshakuwa mwanamume mwenye ndevu huko nilikokuwa. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, kaka alikusudia kumwambia. Aliingia, akasimama karibu na kitanda, akamweleza bei ya ng'ombe imepanda kiasi gani sokoni. Mama akasema ni vizuri. Siku ya tatu akafariki.

Mimi sikuondoa mkono. Ningeuondoa bawa lingelala. Nakumbuka nilikuwa nikitazama mstari mwembamba wa gundi uliokuwa umejitokeza juu, na nikiwaza kwamba utahitaji msasa. Nilimuuliza kama la kwake limeshika.

"Bado," akasema.

Tukangoja. Lilipokuwa tayari tuliachia pamoja, taratibu, na mabawa yakabaki pale yalipokuwa.

Wiki ile nilifanya kazi kama kawaida. Mabomba yaliingia na kutoka ghalani, nikatia sahihi. Kama nilikuwa na hasira sikuiona. Nilichohisi kilikuwa kama kuambiwa kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye vyeti vyako vyote siyo. Huna unachoweza kubadilisha, lakini unaacha kuiandika kwa haraka kama zamani. Nilijaribu kumwona yule mtoto wa miaka tisa chini ya kitenge, na kila mara nilimwona na uso wa mtu mzima mwenye mafuta mikononi. Kaka naye alirudi kwenye adabu. Aliniuliza kama nimelala vizuri, lakini alikuwa ameshageuka kabla sijajibu. Shemeji aliniuliza tumegombana nini. Nikasema hakuna.

Jumapili nilifika mezani kabla yake nikatandika magazeti. Alikuja akakaa, akachukua msasa, akaanza kusawazisha ule mstari wa gundi. Baada ya muda akauliza swali ambalo nadhani alilibeba miaka yote.

"Kule walikutesa?"

Ningeweza kusema hapana nikamaliza. Lakini niliona kwamba mtu aliyenipa ukweli wake hastahili kupewa adabu. Nikamweleza. Kwamba shangazi alikuwa mtu mwema na alinipenda kama wake. Kwamba nilikula, na nilisoma mpaka kidato cha nne, na hilo huko Masisi nisingelipata. Kwamba mume wake alinilimisha tumbaku kabla ya shule na baada ya shule, na fimbo yake ilikuwa nyepesi kushikwa. Kwamba kilichokuwa kigumu kuliko tumbaku ni ule mwaka mmoja, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba umekwisha. Kwa miaka mitatu kila gari la mizigo lililopita kambini nililikimbilia nikiwa na kiatu mkononi. Siku moja sikukimbia, wala sikumbuki ni siku gani.

Aliacha kupiga msasa akasikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa polepole. Sikumwambia nimemsamehe, lingekuwa neno kubwa kwa mtoto wa miaka tisa, na yeye hakuliomba. Alipuliza vumbi la plastiki, akaichovya brashi kwenye kopo la rangi, akanikabidhi mimi. Mpaka siku hiyo alikuwa hajaniruhusu nipake kitu.

Rangi zilitoka bandarini. Maelekezo yalitaka kijani na kahawia juu, na buluu hafifu ya mbinguni chini. Kijani tulikuwa nacho, masalio ya boti ya mfanyabiashara mmoja wa Nyamyumba. Buluu ilikuwa ya boti pia, kali mno, tukaichanganya na nyeupe. Kahawia hatukupata, tukatumia rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyotiwa nyeusi kidogo. Ilikuwa nzito na ilificha nusu ya vichwa vya misumari ambavyo kaka alivisifu siku ya kwanza, jambo lililomuuma. Picha za kubandika tulizilowesha kwenye sahani ya maji ya vuguvugu mpaka zikateleza zenyewe kutoka kwenye karatasi yake. Zile duara za rangi tatu zilikaa vizuri isipokuwa moja iliyopasuka mikononi mwangu, nikaiunga kwa ncha ya sindano.

Kioo cha juu ya chumba cha rubani kilikuwa kazi ya mwisho, na hapo kaka alikosea. Uji wetu ulikuwa wa kijivu, ungekichafua, kwa hivyo akanunua supaglu. Alipaka kidogo sana, kwa uangalifu wote. Asubuhi yake tulikuta kioo kimeingia ukungu mweupe ndani, mvuke wa gundi umekishika, hakifutiki. Alikaa nacho muda mrefu. Nilimkumbusha kwamba ndani hamna mtu wa kuonekana. Akasema hilo analijua, lakini yeye alitaka kionekane hivyo hivyo, kiti kitupu.

Tuliiweka juu ya kabati la vyombo. Haukupita mwezi, asubuhi moja ya Jumamosi askari wakapita mtaani kwetu nyumba hadi nyumba. Siku hizo waasi walikuwa wakishuka kutoka upande wa Bugeshi na Mudende, na misako ilikuwa jambo la kawaida. Watu walifungua milango kabla ya kubishiwa. Walioingia kwetu walikuwa wawili, mmoja afisa kijana aliyekuwa amekulia Uganda, kwani Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi na kila alipokwama alitumbukiza Kiingereza. Alikagua vitambulisho vyetu. Akavitazama sana, kimoja kilichotolewa kwa mtu wa kutoka Tanzania na kimoja kwa mtu wa kutoka Zaire, jina la baba moja. Akauliza ilikuwaje. Kaka alinitazama mimi.

Nikasema, "Baba alinichukua mimi kwa sababu huyu kaka alikuwa mgonjwa."

Kaka aliinamisha kichwa. Afisa alirudisha vitambulisho. Hapo ndipo alipoiona ndege. Aliishusha kutoka kabatini kwa mikono miwili, akaigeuza tumbo juu, akauliza nani ameitengeneza na ya kazi gani. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na niliona ameshika mwimo wa mlango. Nikaeleza habari za Mwingereza na boksi, nikamletea boksi lenyewe. Afisa alisoma maandishi yote kwa Kiingereza, kwa sauti, taratibu. Kisha akajaribu kuchungulia kwenye kile kioo cha ukungu, akauliza rubani yuko wapi.

"Tulimusahau inje," akasema kaka.

Afisa akapuliza rafadha, ile panga ya puani, kwa mdomo. Kaka alikuwa ameiacha bila gundi, ikazunguka vizuri mizunguko mingi. Akairudisha juu ya kabati, pale pale ilipoacha alama kwenye vumbi, akatuaga na kwenda nyumba ya pili. Walipoondoka shemeji aliketi kwenye kochi na hakuinuka kwa muda.

Kaka hakuniuliza kwa nini nilijibu vile. Jioni ile alikwenda nami kutembea ufukweni, kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukifanya, akanionyesha boti moja baada ya nyingine na kunieleza kila injini ilikuwa na ugonjwa gani alipoipokea. Alinieleza na mahali alipozikwa mama, njia ya kupitia, mti ulio karibu. Kwenda huko wakati huo haikuwezekana. Alichora ramani kwa kijiti mchangani, kisha kwa sababu mimi ni mtu wa karatasi nikainakili kwenye daftari.

Mwaka uliofuata mradi ulinihamishia Kibungo, upande wa pili wa nchi. Kaka alibeba godoro langu mpaka kituo cha basi kichwani, akakataa nimsaidie. Alikuwa ameniuliza usiku uliotangulia kama nitaichukua ndege. Nilisema barabara itaivunja, na niliona amefurahi ingawa alificha. Tuliandikiana. Barua zake zilikuja kwa Kiswahili chake, herufi kubwa tupu, nusu ukurasa, habari za injini na za shemeji, na mwisho kila mara aliniuliza leo ninakunywa nini.

Nilipokuja kuwatembelea, karibu na mwisho wa mwaka 1999, ndege ilikuwa imehamishiwa juu ya redio. Shemeji alikuwa ameitandikia kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na kingine kidogo amekiweka juu ya mabawa kuzuia vumbi. Waya mwembamba wa antena uliofika mkiani ulikuwa umevunjika akiifuta, na kaka alikuwa ameweka uzi wa nyavu mahali pake.